SOMO: TUPIME KABLA YA KUCHANGIA ADA

Ndugu wanakamati na wafadhili, kijana wa kwaya hapa Igamba akitaka kusomea sanaa, tuanze na matokeo yake. Shahada huhitaji angalau pointi 4 katika masomo mawili ya kidato cha sita. D mbili hufikisha kiwango hicho, ila ushindani upo. Aliyeishia kidato cha nne aangalie TaSUBa, Bagamoyo, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Astashahada huhitaji ufaulu wa masomo manne, na somo la dini halihesabiwi. Baadaye, stashahada yenye GPA 3.0 humfungulia mlango wa chuo kikuu. Tumuulize pia: ngoma, muziki, au uchoraji? Fomu ikijazwa kwa kubahatisha, mchango wetu hupotea na kijana hukaa nyumbani mwaka mzima.