Seva Ikikwama, Tazama Kwanza Maombi Yaliyo Ndani

Kila Januari, wafanyabiashara wanapomiminika kwenye tovuti za kaunti kulipia leseni, hutokea asubuhi moja ukurasa ukazunguka tu bila kufunguka. Simu za dawati la huduma hulia mfululizo, na maafisa wa TEHAMA hupewa amri ileile: zima, washa. Seva hupata nafuu kwa dakika chache, kisha hukwama tena. Baya zaidi, mwananchi ambaye pesa zimeshatoka kwenye simu yake lakini risiti haijaandikwa hukatwa katikati. Kesho yake yuko ofisi ya mapato na ujumbe wa malipo mkononi, huku mfumo ukisema hajalipa.

Kabla ya kuzima, kuna jambo la kutazama: ni maombi gani yanashughulikiwa sasa hivi, na kila moja limechukua muda gani? Chukua mfano wa Tomcat, seva inayoendesha programu nyingi za Java. Ni kama ofisi yenye makarani 200, ambao mafundi huwaita nyuzi. 200 ndiyo idadi ya kawaida isipobadilishwa. Kila ombi humshika karani mmoja hadi liishe. Ombi likichukua nusu sekunde, ofisi huhudumia watu 400 kwa sekunde. Likichukua sekunde 20, huhudumia 10 tu. Foleni hurefuka hata kama hakuna mteja mpya aliyeongezeka. Kuongeza makarani hapo mara nyingi ni kuongeza watu wa kusubiri.

Wengi hukimbilia daftari la kumbukumbu za seva, na huko hukuta shwari. Sababu ni kwamba daftari hilo huandika ombi likishamalizika. Lililokwama bado halimo.

Panapofaa kutazamwa ni ukurasa wa hali ya seva ulio ndani ya programu ya usimamizi ya Tomcat. Huonyesha kila uzi: hatua uliyofikia, muda uliotumia kwa milisekunde, na anwani ya ombi lenyewe. Herufi S humaanisha ombi linashughulikiwa. K, muunganisho umeachwa wazi ukingoja ombi jingine. Tuseme nyuzi 180 zina S, zote ziko kwenye anwani ya kuthibitisha malipo, na zimepita milisekunde 40,000. Hapo shaka haielekei tena kwenye intaneti ya mwananchi wala kwenye seva nzima. Inaelekea kwa kile ambacho hatua hiyo moja inakingoja: mfumo wa malipo wa nje, au hifadhidata.

Kuna mtego, na huwanasa hata mafundi wazoefu. Ukurasa huo nao huhitaji karani. Nyuzi zote zikijaa, huenda usifunguke. Basi afisa hutumia amri ya jstack ndani ya seva yenyewe, ambayo haipiti mlango huo. Huipiga mara tatu, kwa mwachano wa sekunde 10 hivi. Uzi wa ombi unaoonekana mahali palepale mara zote tatu, pengine hapo ndipo ulipokwama.

Ikiwa kinachongojwa ni hifadhidata ya PostgreSQL, mwonekano wa pg_stat_activity huonyesha kila kikao na kazi yake. Mara nyingine mkosaji ni kikao kimoja kilichofungua muamala, kikashika rekodi, kisha kikanyamaza. Kukifunga hicho peke yake kunaweza kuwaachilia makarani wote waliokuwa wakikingoja.

Ukurasa wa hali usiachwe wazi kwa umma. Anwani za maombi zinaweza kubeba nambari za vitambulisho na za simu, na hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tomcat ina jukumu maalumu la kuona hali tu, bila uwezo wa kubadilisha chochote. Afisa wa zamu apewe hilo.

Na ikibidi kuzima, orodha ya maombi yaliyokuwa ndani ihifadhiwe kwanza, pamoja na saa kamili. Ofisi ya mapato italinganisha saa hiyo na taarifa ya malipo ya simu, na kuwatafuta waliolipa bila kupata risiti kabla hawajapanga foleni dirishani.