Dondoo muhimu: Gari la umeme kwenye mbio ndefu za porini

Kutoka mji wa Savage hadi bustani ya magari ya porini ya Gilbert, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ni zaidi ya kilomita 300. Panga chaji ya kwenda, ya kuzunguka huko na ya kurudi.

• Usitegemee kilomita za dashibodi. Matope na mchanga hula umeme kuliko lami. Pima matumizi ya saa ya kwanza, kisha piga hesabu upya.

• Baridi ndiyo adui mkubwa. Pasha betri joto gari likiwa bado kwenye chaja. Betri baridi huchaji polepole, na breki hurudisha umeme kidogo, hivyo nenda taratibu kwenye miteremko.

• Ukipunguza upepo wa tairi, beba pampu.

• Kabla ya kujiandikisha, uliza: chaji iko wapi? Audi ya dereva Carlos Sainz iliyoshinda mbio za Dakar za 2024 iliendeshwa na mota za umeme, lakini ilibeba injini ya petroli ya kuchaji betri. Mwenye gari la betri pekee atafute mashindano yanayoleta chaja kambini, kama Rebelle Rally, mashindano ya wanawake katika majangwa ya Nevada na California.