Kuutambua na Kuuotesha Mkrismasi: Somo la Sayansi kwa Vitendo

Wakati wa mazoezi ya kufundisha mjini Morogoro, mwalimu mwanafunzi mmoja aliingia Darasa la Nne na tawi bichi mkononi, akatangaza kuwa ni tawi la mkrismasi. Ulikuwa mwezi wa Juni, na mti haukuwa na ua hata moja. Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, huu si mjakaranda? Mkrismasi wa kwetu majani yake hayana ncha kali hivi." Akaamriwa akae kimya. Msichana yule alikuwa amesema kweli. Darasa lilijifunza jina lisilo sahihi. Naye akajifunza kutoyaamini macho yake.

Kosa hilo hutokana na kuutambulisha mti kwa maua yake pekee. Mkrismasi, ambao jina lake la kitaalamu ni Delonix regia, asili yake ni Madagaska. Hutoa maua mekundu kuelekea sikukuu ya Krismasi. Kila ua lina petali tano, na mojawapo ina weupe na madoa. Mjakaranda, wenye asili ya Amerika ya Kusini, hutoa maua ya zambarau. Maua yakipukutika, miti hii miwili hufanana sana, kwa sababu majani ya yote miwili yamegawanyika katika vijani vingi vidogo. Hapo hapana budi kuchunguza mambo matatu:

1. Mpangilio wa majani. Ya mkrismasi huota moja moja kwa kupishana kwenye tawi; ya mjakaranda huota mawili mawili yakielekeana.

2. Vijani. Vya mkrismasi vina ncha ya mviringo. Vya mjakaranda vimechongoka, na kile cha mwishoni ni kirefu kuliko vingine.

3. Matunda. Mkrismasi ni wa jamii ya mikunde, hivyo huzaa ganda refu na gumu, ambalo huweza kufikia sentimita 60. Likikauka, watoto hulitikisa kama kayamba. Tunda la mjakaranda ni bapa na la mviringo, na mbegu zake zina mabawa membamba.

Baada ya utambuzi, wanafunzi waoteshe. Mbegu ya mkrismasi ina gamba gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Chukua mbegu 20. Kumi zipandwe kama zilivyo. Kumi nyingine zimwagiwe maji yaliyochemka na kuepuliwa, kazi ambayo ataifanya mwalimu mwenyewe, kisha ziachwe humo hadi kesho yake. Zilizovimba ziko tayari kupandwa. Wanafunzi waandike kila siku idadi ya mbegu zilizochipua katika kila fungu, na waeleze wenyewe sababu ya tofauti.

Mche upandwe penye jua la kutosha, mbali na kuta za madarasa, maana mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi. Mti huu hupenda joto la tambarare ya Morogoro. Shule zilizo juu katika baridi ya milima ya Uluguru zichague mti mwingine, lakini njia ya uchunguzi ni ile ile.

Mwanafunzi akikupinga, mpe tawi, umwambie: "Njoo utuonyeshe." Akiwa amekosea, tawi litamsahihisha. Akiwa amepatia, darasa zima litakuwa limefaidika, na mwalimu pia.