Dondoo muhimu: Bahshishi milimani Usambara

Usambara si Kilimanjaro. Huku hakuna msafara wa wapagazi. Mara nyingi ni wewe na mwongoza watalii mmoja, kutoka Lushoto hadi Mtae, mkilala nyumba za wageni.

Kwanza uliza ada imebeba nini: kiingilio cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, mchango wa kijiji, chakula, malazi. Hizo si bahshishi, wala haziingii mfukoni mwa mwongozaji.

Kwa matembezi ya nusu siku hadi Irente, shilingi 5,000 au 10,000 si haba. Safari ikiwa ya siku kadhaa, tenga walau asilimia 10 ya ada, umpe mwongozaji siku ya mwisho, mkononi mwake mwenyewe, usiiache ofisini. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea.

Mama aliyewapikia njiani ndiye husahaulika zaidi. Mpe chake mapema, kabla hamjaondoka. Noti kubwa zichenji Lushoto mjini, maana huko juu chenji ni kazi.

Watoto wanaoomba hela usiwape. Badala yake, nunua matunda kwa wauzaji wa barabarani. Na huduma ikiwa mbovu, hulazimiki kutoa kitu.