Msitu wa Amani, na Mambo Tuliyofundishwa Huko

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Amani, nasi tuliahidi kuziandika. Tulikuwa watu 14, vijana wa usharika pamoja na walimu wawili, tukakaa siku 10 katika kijiji kimoja kilicho kando ya msitu. Nia yetu ilikuwa kujitolea, yaani kufanya kazi bila ujira kwa ajili ya kuulinda msitu ule. Twaandika kwa sababu huenda na sharika nyingine zikatamani kwenda, na yafaa wajue mapema mambo ambayo sisi tuliyajua baadaye.

Amani iko katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Sisi tuliotoka upande wa Lushoto tulishuka hata Mombo, tukapita Korogwe, tukafika Muheza, ndipo tukapanda tena mpaka Sigi, penye lango la msitu. Zamani za Wadachi palikuwa na kituo cha gari la moshi pale. Wadachi hao walianzisha huko Amani, mwaka 1902, chuo cha kuchunguza mimea, wakaleta miti ya nchi nyingi ili waijaribu. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ilitangaza msitu huo kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya namna yake katika nchi yetu, nao una zaidi ya hekta 8,000. Maji yake hukusanyika katika mto Sigi, na mto huo ndio unaowanywesha watu wa mji wa Tanga. Mtu wa Tanga akijaza ndoo yake bombani, hunywa mvua iliyonyesha juu ya miti ile.

Sasa twaja kwenye aibu yetu. Katika gari tulikuwa tumepakia miche 200 ya mikaratusi na grevilia, iliyokuzwa na vijana wetu kwa bidii ya miezi mingi. Tulidhani ya kuwa zawadi kama hii haiwezi kukataliwa. Mzee mmoja wa kamati ya msitu alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akaitazama miche kwa kitambo, kisha akauliza kwa upole, “Mchungaji, miche hii ni ya wapi?” Tukajibu ni ya kupandwa msituni. Akasema, “Baba, msitu huu haukuomba miti ya wageni. Uliopewa zamani umeutosha.” Vijana waliinamisha vichwa. Grevilia alituruhusu kuwapa wenye mashamba, waipande mipakani mwa viwanja vyao kwa kuni na mbao. Mikaratusi tulirudi nayo nyumbani.

Siku ya pili alitupeleka kuuona mti aliousema. Wataalamu huuita Maesopsis eminii, na Waganda huuita musizi. Si mti mbaya kwao. Ni mwenyeji wa Bukoba, Uganda, Kongo na nchi za magharibi. Bali huku Usambara uliletwa na watu mwanzoni mwa karne ya 20. Nao ni mti upendao mwanga, hukua upesi sana. Basi, magogo makubwa yalipokatwa msituni kwa ajili ya mbao, jua likaingia mahali lisipoingia tangu zamani, na mti huu ukajaza nafasi hizo kabla ya miti ya wenyeji kuamka. Hondohondo hula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali, hata penye mabonde ambayo mkono wa mtu haukupanda kitu. Aliyeuleta hakuwa na nia mbaya kuliko sisi wenye mikaratusi yetu. Hilo lilitufikirisha kuliko hotuba yo yote.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kung'oa machipukizi yake mahali tulipoonyeshwa, kwa mikono. Kijana mmoja akauliza kwa nini tusiikate yote mikubwa mara moja. Akajibiwa ya kuwa ukiangusha mkubwa waita jua, na jua litaotesha wadogo mia.

Kazi ya pili ilikuwa katika kitalu, kufukia mbegu za msambu. Huu ni mti wa msitu wenyewe. Matunda yake makubwa huanguka chini, na akina mama huyaokota na kuzitoa mbegu zenye mafuta mazito yafaayo kupikia. Mbegu hizo ni za subira. Hukawia ardhini miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Tena miti mingine ni ya kiume, haizai, na mpandaji hawezi kujua mpaka itoe maua baada ya miaka mingi. Bibi aliyetufundisha alicheka alipowaona vijana wakifukua udongo siku ya nne ili watazame kama mbegu zimeota!

Wengine wetu walikwenda kwa wafugaji wa vipepeo. Kipepeo jike huwekwa katika kibanda cha chandarua pamoja na mmea anaoupenda, hutaga, na viwavi hulishwa hata wajifunge katika ganda, ndiyo pupa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 pupa hizo ziliuzwa Ulaya na Marekani kwa nyumba za maonyesho, na fedha zikasomesha watoto. Mfugaji aliuhitaji msitu, maana mmea wa kulisha viwavi na vipepeo wa mbegu hutoka humo. Lakini mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakahesabiwa humo. Pupa zilizokuwa tayari hazikuwa na pa kwenda. Mama mmoja alituonyesha vibanda vilivyotoboka, akasema hakuiba wala hakukata mti, na bado alipoteza.

Tulisikia pia habari za wenye mashamba ya iliki huko Derema. Iliki hupenda kivuli, na watu waliilima chini ya miti mirefu. Mahali hapo ndipo msitu wa Amani unapoungana na misitu ya kaskazini, na wanyama wasipokuwa na njia ya kupita hubaki kama wafungwa katika visiwa. Kwa sababu hiyo pakafanywa hifadhi, na wenye mashamba wakaahidiwa fidia. Malipo yalichukua miaka. Sisi twaamini njia ile ilikuwa ya lazima. Lakini twaona si haki mtu wa Tanga anywe, mtu wa Ulaya asifu, na gharama ibaki kwa mwenye jembe. Walimu, mkifundisha vijana juu ya kutunza misitu, msiyaache maneno haya nje kwa kuwa hayapendezi.

Wanaotaka kwenda wachukue majembe madogo, viatu vya mvua, na fedha za chakula chao, wasile cha wenyeji bure. Wapeleke habari kwanza kwa kamati ya kijiji, waulize ni kazi gani inayotakiwa. Miche waiache nyumbani.

Huu ni mwezi wa saba tangu tuzifukie zile mbegu za msambu. Juma lililopita bibi wa kitalu alitupigia simu kutusalimu, nasi tukamwuliza. Alisema bado, lakini amezimwagia maji.