MADA YA ROBO HII: KUMSINDIKIZA KIJANA MPAKA AFIKE



Robo hii tunajifunza namna ya kuwasaidia vijana wenye ulemavu na wenye matatizo ya afya ya akili katika parokia za katikati ya Jiji la Dar es Salaam, hasa zile zinazozunguka Soko la Kariakoo. Tunaomba mada isomwe kwenye kikao cha kamati na ijadiliwe katika jumuiya ndogondogo. Kwanza someni Marko 2:1-12, habari ya mtu aliyepooza na wenzake wanne.

1. Ni vijana gani?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kuwa theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Kwa hiyo hawa ni vijana wetu wa kipaimara na wa kwaya.

Ulemavu wa miguu tunauona. Usonji, ulemavu wa akili, kifafa, sonona na uraibu wa dawa za kulevya hatuvioni kwa urahisi, na mara nyingi tunaviita utukutu, uvivu au laana.

Mazingira ya Kariakoo huongeza ugumu. Meza za biashara zimejaa pembeni mwa mitaa, hivyo mwenye kiti cha magurudumu hulazimika kupita katikati ya bodaboda na mikokoteni. Vipaza sauti vya maduka humchosha kijana mwenye usonji. Lakini Kariakoo hiyohiyo ina kazi za kushona, kufungasha mizigo na kutengeneza simu, ambazo vijana hawa wanaziweza wakipewa nafasi.

2. Tuanze na ndimi zetu

Kiswahili chetu cha zamani kiliwaweka watu hawa kwenye ngeli ya vitu: kiwete, kipofu, kiziwi. Tuseme mtu mwenye ulemavu, asiyeona, asiyesikia. "Chizi", "taahira" na "teja" yasisikike kwenye vikao vyetu. Mzazi akisikia mwanawe anaitwa hivyo kanisani, atamficha nyumbani, na aliyefichwa hatibiwi.

3. Sala na matibabu viende pamoja

Familia nyingi huanza kwa mganga au kwenye maombezi, na hospitali huja mwisho. Hatumkatazi mtu kuombewa. Tunachokataa ni kumwambia aache dawa. Mgonjwa wa kifafa akiacha vidonge ghafla anaweza kupata degedege kali na kufariki. Akianguka, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vinavyoweza kumjeruhi, msimtie kijiko mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali haraka.

4. Mfano wa kujadili

Tuchukue kijana wa miaka 19 anayesukuma mkokoteni sokoni na ametumia heroini miaka miwili. Mama yake anaomba kamati ilipe fedha apelekwe mbali na jiji. Kamati inataka kumpa mtaji kwanza. Ipi njia bora?

Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyopo Upanga, si mbali na Kariakoo, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Dawa hutolewa bure, lakini kwa kawaida, hasa mwanzoni, kijana hutakiwa kuinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hapo ndipo wengi hukwama: nauli ya leo imekosekana, kesho amekata tamaa, keshokutwa amerudi kijiweni. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kumsindikiza, nauli, na chakula cha mchana. Mtaji uje akishatulia.

5. Haki zilizopo

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kamati iwasaidie vijana kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata na kujaza fomu. Kwa mtoto anayefichwa au kuteswa, pigeni simu namba 116 bila malipo.

6. Kazi ya kamati na ya mfadhili

(a) Kila jumuiya iteue wasindikizaji wawili na iwatafutie mafunzo mafupi kwa ustawi wa jamii.
(b) Orodha ya vijana itunzwe kwa siri. Isisomwe kwenye matangazo.
(c) Mzazi apate mtu wa kumpokea walau nusu siku kwa wiki, naye apumzike.
(d) Kijana mwenyewe aulizwe anataka nini kabla ya kikao kuamua.

Kwa wafadhili wetu: kiti cha magurudumu hupigwa picha nzuri, nacho kinahitajika. Nauli ya miezi sita haina picha. Tunawaomba mkubali kuiona kwenye hesabu, kwa kuwa bila hiyo matibabu ya bure hayamfikii kijana.

7. Maswali

- Katika jumuiya yetu, ni nyumba gani ambayo kijana wake hatujamwona kwa muda mrefu?
- Watu wanne wa Injili walitoboa dari. Kwetu, dari ni nini: ngazi za ukumbi, ada, au maneno yetu?
- Nani kati yetu atakwenda Muhimbili na kijana Jumatatu ijayo?

Majibu ya swali la mwisho yaandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina. Mungu awabariki katika kazi hii.