Alizeti mwitu nyumbani: ipande, lakini panga liwe karibu

Unaijua. Ni ile ndefu kuliko mtu, yenye maua ya manjano kando ya barabara. Wajaluo huiita maua makech, yaani maua machungu. Onja jani utajua kwa nini. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ila imezoea kwetu kama mwenyeji. Nyumbani itakupa uzio, nyuki na mbolea ya bure. Ukiiachia, itameza bustani.

Chagua upande mmoja tu, mbali na matuta ya mboga na mbali na mto au mfereji. Usiibane mpakani. Acha njia ya kupita na panga pande zote mbili, la sivyo jirani ndiye atakayeng'oa miche yako.

Usihangaike na mbegu. Kata vipande vya shina lililokomaa, sentimita 30 hivi, vyenye macho matatu au zaidi. Mvua ikishalainisha udongo, vichomeke kwa mshazari, macho mawili yazame. Panda siku hiyo hiyo uliyokata. Kati ya kipande na kipande acha nusu mita.

Sasa kazi yenyewe: kukata. Chungulia katikati ya ua. Petali zikinyauka na kile kitovu kikianza kuwa kahawia, usingoje Jumamosi. Kikikauka, mbegu zitamwagika na kuota chini ya kila kitu ulichopanda. Kata mmea usawa wa magoti, utachipua tena. Vaa mikono mirefu.

Mashina mabichi usiyatupe ovyo. Niliwahi kuyarundika kwenye mboji, mvua ikanyesha, na rundo zima likachipua. Siku hizi nayaanika juu ya mawe mpaka yavunjike kwa mlio, ndipo nayatumia kama kuni.

Majani na ncha laini ndiyo faida. Yakikaushwa, naitrojeni huwa kama asilimia 3.5 ya uzito wake, na potasiamu karibu asilimia 4. Wakulima wa magharibi mwa Kenya wameyatumia shambani miaka mingi, na mimi sioni sababu ya kununua mbolea ya sukuma wiki ilhali hii iko uani. Yakatekate, yafukie kwenye tuta, subiri wiki moja, kisha hamishia miche ya mboga.

Ukitaka mbolea ya maji, jaza ndoo majani, ongeza maji, funika. Koroga kila siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili itanuka vibaya, ndivyo inavyotakiwa. Izimue mpaka ifanane na chai nyepesi, mwagilia mboga kwenye shina.

Miche ya alizeti mwitu iliyojiotea ing'oe ikiwa na majani manne, udongo ukiwa na unyevu. Inatoka kwa vidole viwili. Shina kubwa usilolitaka lichimbue na mizizi yake, kisha rudi baada ya mwezi uone kama kuna kilichobaki.